Makato ya SHIF na Ritani ya P10: Mwongozo kwa Mwajiri Mdogo Nchini Kenya

Tangu SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024, maswali ni yale yale kila mwezi tarehe 9, siku ya mwisho ya kulipa, inapokaribia. SHIF inakatwa kabla ya ushuru au baada yake? Mwajiri naye anachangia? Pesa zinaenda KRA (mamlaka ya ushuru) au SHA (mamlaka ya afya ya jamii, inayosimamia SHIF)? Na kama nimewalipia wafanyakazi bima ya kampuni binafsi, bado niwakate?

Mwongozo huu ni wa mwenye gereji, saluni, duka la dawa, shule ya chekechea, au nyumba iliyoajiri mtu mmoja. Yaani mwajiri anayejipigia hesabu ya mishahara mwenyewe, bila idara ya uhasibu nyuma yake.

Majibu ya haraka ni haya. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla. Yote inatoka kwa mfanyakazi. Mwajiri haongezi chake, tofauti na NSSF (mfuko wa pensheni) na ushuru wa nyumba. Pesa zinaenda SHA, si KRA, lakini kiasi ulichokata lazima kionekane pia kwenye P10, ritani ya kila mwezi ya ushuru wa mishahara inayoenda KRA, kwa sababu kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 SHIF inapunguza mapato yanayotozwa ushuru. Bima ya binafsi haiondoi wajibu wa kukata SHIF.

Ukishika jambo moja tu hapa, shika hili: kiasi cha SHIF cha kila mfanyakazi kinaandikwa mahali patatu, yaani kwenye hati yake ya malipo, kwenye orodha unayopeleka SHA na kwenye P10, na pote patatu kiwe kile kile. Karibu kila tatizo ninaloulizwa huanzia pale viwango hivi vitatu vinapopishana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- PIN ya KRA ya biashara, au yako binafsi kama umeajiri kwa jina lako, iliyosajiliwa kwa wajibu wa PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Wajibu huo ukishaongezwa, ritani inadaiwa kila mwezi, hata mwezi ambao huna mfanyakazi. Mwezi kama huo unawasilisha ritani ya sufuri.
- Akaunti ya mwajiri kwenye mfumo wa SHA, pamoja na nywila yake. Isiwe nywila anayoijua karani aliyeacha kazi mwaka jana.
- Kwa kila mfanyakazi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya SHA, nambari ya NSSF na simu.
- Mshahara wa msingi na marupurupu yote ya kila mmoja kwa mwezi husika.
- Cheti kutoka kampuni ya bima, kwa mfanyakazi anayejilipia bima ya afya ya binafsi.
- Kompyuta yenye Eksel inayoruhusu makro (programu ndogo zilizo ndani ya faili). Simu haitoshi, na programu nyingine za lahajedwali mara nyingi hushindwa na faili la P10.

Hatua ya 1: Hakikisha kila mfanyakazi amesajiliwa SHA

Kumkata mtu ambaye hajasajiliwa ni kupeleka pesa zisizo na mwenyewe. Usajili anafanya mfanyakazi mwenyewe, kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kupitia tovuti ya Afya Yangu, kisha anawaongeza wategemezi wake. Kuwa na kadi ya zamani ya NHIF si usajili wa SHA. Mwambie akupe nambari yake ya SHA, uiandike kwenye daftari la wafanyakazi.

Linganisha jina herufi kwa herufi. Kitambulisho kikisema Mohamed na orodha yako ikasema Mohammed, au mama akiwa ameandikwa jina la ndoa upande mmoja na jina la ubini upande wa pili, tarajia usumbufu. Tumia jina la kitambulisho kila mahali.

Hatua ya 2: Pata mshahara wa jumla

Jumlisha mshahara wa msingi na marupurupu ya fedha taslimu: nyumba, usafiri, saa za ziada. Hapo ndipo asilimia 2.75 inapopigwa.

Tahadhari: wengi hupiga SHIF kwenye mshahara wa msingi peke yake. Wengine huipiga kwenye kilichobaki baada ya NSSF. Yote mawili ni makosa. SHIF hupigwa kwenye jumla, kabla makato mengine hayajagusa chochote.

Hatua ya 3: Piga SHIF

Zidisha mshahara wa jumla kwa 0.0275. Jibu likiwa chini ya shilingi 300, kata 300. Anayelipwa 9,000 angekatwa 247.50, kwa hiyo anakatwa 300. Mpaka wenyewe uko karibu na 10,909. Kuanzia hapo kwenda juu, asilimia ndiyo inayotawala.

Juu hakuna kikomo. NHIF ilikuwa ikiishia 1,700 hata kwa mshahara mnono, na jedwali lile bado limekaa kwenye kompyuta za watu. Lifute. Mwenye 200,000 sasa anakatwa 5,500.

Hatua ya 4: Piga PAYE baada ya kuondoa SHIF

Hapa tusiharakishe, maana hapa ndipo pesa za mfanyakazi hupotelea. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa jumla wa 50,000.

Makato yanayotangulia ushuru:

- NSSF, asilimia 6: 3,000
- SHIF, asilimia 2.75: 1,375
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 750

Jumla ni 5,125. Mapato yanayotozwa ushuru ni 50,000 kutoa 5,125, yaani 44,875.

Sasa tumia viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2023:

- 24,000 za kwanza kwa asilimia 10: 2,400
- 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: 2,083.25
- 12,542 zilizobaki kwa asilimia 30: 3,762.60

Jumla ni 8,245.85. Toa unafuu wa kibinafsi wa 2,400. PAYE inayolipwa ni 5,845.85, na mfanyakazi anaondoka na 39,029.15.

Kwa wanaolipwa zaidi, asilimia 30 inafika hadi 500,000, kisha ni asilimia 32.5 hadi 800,000, na asilimia 35 kwa kinachozidi hapo.

Ukiondoa NSSF peke yake kabla ya ushuru, kama ilivyokuwa zamani, mfanyakazi huyu atatozwa 6,483.35. Hiyo ni 637.50 zaidi kila mwezi, pesa ya kumlipia mtoto matatu kwa siku kadhaa. Si haki yako kumnyima, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri azingatie makato, unafuu na misamaha yote anayostahili mfanyakazi wakati wa kupiga PAYE, bila kumwachia aje kudai mwenyewe mwisho wa mwaka.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Zamani kulikuwa na unafuu wa asilimia 15 kwa mchango wa NHIF. Wapo waajiri ambao sasa wanaondoa SHIF kabla ya ushuru, kisha wanatoa tena asilimia 15 yake kama unafuu. Hiyo ni kuhesabu mara mbili. Kwa mfano wetu, ushuru ungepungua kwa 206.25 kwa mwezi, yaani 2,475 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na siku KRA ikikagua, deni hilo litaangukia kwako wewe uliyepaswa kukata. Unafuu wa asilimia 15 wa ushuru wa nyumba nao ulifutwa tarehe 27 Desemba 2024.

Hatua ya 5: Shughulikia bima ya binafsi, kama ipo

Kuna hali tatu, na kila moja ina njia yake.

Kama wewe mwajiri unalipa bima ya kikundi moja kwa moja kwa kampuni ya bima iliyoidhinishwa, kwa ajili ya wafanyakazi wako wa kudumu, thamani ya bima hiyo haitozwi ushuru kwa mfanyakazi. Usiiongeze kwenye mshahara wake wa jumla.

Kama unampa mfanyakazi pesa mkononi ili ajitafutie bima au matibabu, hiyo ni posho, na posho inatozwa ushuru. Ukimpa yule wa 50,000 posho ya matibabu ya 5,000, jumla inakuwa 55,000 na SHIF inapanda hadi 1,512.50. Ushauri wangu kwa mwajiri mdogo ni huu: kama uwezo upo, lipa kampuni ya bima moja kwa moja. Shilingi ile ile inamfikia mfanyakazi nzima.

Hali ya tatu ni mfanyakazi anayejilipia bima ya afya kwa pesa zake. Huyu anastahili unafuu wa asilimia 15 ya malipo hayo, usiozidi 5,000 kwa mwezi au 60,000 kwa mwaka. Akilipa 4,000 kwa mwezi, ushuru wake unapungua kwa 600. Unafuu huu unatolewa kwenye ushuru wenyewe, baada ya kupigwa, si kwenye mshahara. Usiutoe kwa maneno ya mdomo. Dai cheti cha kampuni ya bima, uweke nakala.

Hatua ya 6: Peleka orodha na pesa SHA

Ingia kwenye akaunti ya mwajiri, pakua kiolezo cha orodha ya michango, ukijaze kwa kila mfanyakazi: utambulisho wake na kiasi ulichomkata. Pakia, kagua jumla, chukua nambari ya malipo, kisha lipa. Mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. SHIF ya Machi, kwa mfano, inalipwa kufikia tarehe 9 Aprili.

Mimi napendekeza ujiwekee tarehe 5. Tarehe 8 na 9 mifumo huelemewa kwa kuwa nchi nzima imeingia kwa pamoja, na tarehe 9 ikiangukia Jumapili, kusubiri hadi Jumatatu ni kujiweka hatarini.

Tahadhari kubwa: usilipe jumla ya pesa bila orodha inayolingana nayo. Pesa zitafika, lakini hazitagawanywa kwa majina, na siku mfanyakazi atakapokuwa kwenye dirisha la hospitali, mfumo utaonyesha hajachangia. Sheria inataka michango iwe imelipwa hadi sasa ndipo mtu ahudumiwe.

Hatua ya 7: Jaza P10

Ingia iTax, tovuti ya KRA, kwa PIN ya mwajiri, chagua kuwasilisha ritani ya PAYE, kisha pakua faili jipya la P10. Usitumie lile ulilohifadhi miaka miwili iliyopita. Faili lilibadilishwa baada ya mabadiliko ya Desemba 2024 ili kupata nafasi ya SHIF na ushuru wa nyumba miongoni mwa makato. La zamani halina nafasi hizo.

Fungua, ruhusu makro, jaza PIN na kipindi cha ritani. Kisha nenda kwenye sehemu ya waajiriwa. Kila mfanyakazi ana mstari wake mmoja, na mstari wa yule wa 50,000 uwe na mshahara na marupurupu yake katika safu zake, SHIF 1,375, NSSF 3,000, ushuru wa nyumba 750, unafuu wa kibinafsi 2,400, na unafuu wa bima kama upo. Mwishoni mwa mstari tazama PAYE: isome 5,845.85. Ikisoma kingine, kuna safu uliyoruka. Kuna pia ukurasa wa ushuru wa nyumba ndani ya faili hilo hilo; usiusahau.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye mstari huo. La kwanza, aina ya mwajiriwa: kama wewe ndiye mwajiri wake mkuu, chagua hivyo. Kama kazi yake kuu iko kwingine, huna ruhusa ya kumpa unafuu wa kibinafsi, kwa sababu tayari anaupata kule. La pili, mfanyakazi asiyefikia kiwango cha kulipa PAYE lazima aorodheshwe vilevile. Msaidizi wa nyumbani wa 18,000 anakatwa SHIF 495, NSSF 1,080 na ushuru wa nyumba 270. PAYE yake ni sufuri, lakini jina lake linaingia.

Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuthibitisha. Kukiwa na makosa, faili litakuorodheshea. Yakiisha, litatengeneza faili lililobanwa. Usilifungue wala kulibadilisha jina. Lipakie iTax kama lilivyo, na upakue risiti ya kupokelewa kwa ritani.

Hatua ya 8: Lipa upande wa KRA

Tengeneza nambari ya malipo, inayoitwa PRN, kwa ajili ya PAYE, na nyingine kwa ajili ya ushuru wa nyumba. Ushuru wa nyumba unajumlisha 750 za mfanyakazi na 750 zako. Lipa kupitia benki au M-Pesa. SHIF haipo hapa. Ulishailipa katika hatua ya 6. Wapo waliotafuta sehemu ya SHIF kwenye iTax hadi usiku wa manane.

Kuwasilisha ritani bila kulipa hakumalizi kazi, na kulipa bila kuwasilisha pia hakumalizi. Ni wajibu mbili, na kila mmoja una adhabu yake.

Hatua ya 9: Linganisha, kisha hifadhi

Weka mbele yako vitu vitatu: hati za malipo, orodha iliyopakiwa SHA, na P10. Jumla ya SHIF ilingane kwenye vyote, kisha pitia jina kwa jina. Ukiwa na wafanyakazi watano, kazi hii inamalizika kabla chai haijapoa. Ukikadiria senti, kadiria kwa namna moja kila mahali, 1,512.50 kwenye hati ya malipo isigeuke 1,513 kwenye P10.

Hifadhi nakala kwa miaka mitano: hati za malipo, risiti ya SHA, risiti ya ritani, uthibitisho wa PRN na vyeti vya bima.

Hatua ya 10: Toa P9 mwaka ukiisha

Kila mfanyakazi anastahili P9, hati ya mwaka inayoonyesha mwezi kwa mwezi mapato yake, makato, SHIF ikiwemo, na ushuru uliokatwa. Anaihitaji kuwasilisha ritani yake kufikia tarehe 30 Juni. Mpe Januari. Tumia muundo mpya wenye safu ya SHIF, na takwimu zake zitoke kwenye P10 ulizowasilisha, si kwenye kumbukumbu.

Mambo yakienda mrama

*Mfanyakazi yuko hospitali na anaambiwa hajachangiwa.* Anza na risiti ya SHA ya mwezi uliopita, kisha tafuta jina lake kwenye orodha uliyopakia. Mara nyingi nambari ya kitambulisho ina tarakimu moja iliyokosewa, au mwezi mmoja katikati uliruka. Rekebisha orodha au lipa mwezi uliokosekana siku hiyo hiyo, kisha mpigie simu umjulishe. Hili haliwezi kungoja Jumatatu.

*P10 inakataa kuthibitishwa.* Angalia kwanza kama makro zimeruhusiwa. Kisha tafuta nafasi tupu kabla au baada ya PIN, hasa kama ulinakili kutoka WhatsApp. Koma ndani ya tarakimu nazo husumbua: andika 1375, si 1,375. Ikigoma bado, pakua faili upya na uandike kwa mkono badala ya kubandika.

*Miezi kadhaa ya nyuma hukuondoa SHIF kabla ya ushuru.* Kama ritani zilishaenda, wasilisha P10 iliyorekebishwa kwa kila mwezi ulioathirika. Usijaribu kufidia kwa kupunguza PAYE ya mwezi huu kimyakimya. Hesabu ya miezi ile na ya mwezi huu zote zitakuwa na kasoro. Kama mwaka umekwisha, P9 sahihi itamwezesha mfanyakazi kudai ziada kwenye ritani yake ya mwaka.

*Tarehe 9 imepita.* Wasilisha na ulipe leo, usisubiri mwezi ujao ukaunganisha. Kwa PAYE, kuchelewesha ritani kuna adhabu ya asilimia 25 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 10,000, kubwa kati ya hizo. Kuchelewesha malipo kunaongeza asilimia 5 ya ushuru, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa SHIF kuna adhabu ya asilimia 2 ya mchango uliochelewa. Adhabu hizi ni zako mwajiri; mfanyakazi alishakatwa fungu lake kwa wakati, na kumkata tena ni kumwonea.

*Mfanyakazi anasema ritani yake ya mwaka inaonyesha takwimu tofauti na P9.* iTax humjazia mapato ya ajira kutoka kwenye P10 zako. Kwa hiyo kosa liko kwenye P10 au kwenye P9, si kwake. Panga miezi 12 ya P10 kwa mfululizo, tafuta mwezi unaotofautiana, kisha rekebisha hati iliyokosewa. Ikiwa ni P10, fanya marekebisho mapema kabla ya Juni, ili asilazimike kuwasilisha takwimu anazojua si za kweli au kuchelewa kwa kosa lisilo lake.

*Mfanyakazi ameacha kazi katikati ya mwezi.* Piga SHIF kwenye mshahara aliolipwa mwezi huo, pamoja na posho zake, na umjumuishe kwenye orodha ya SHA na P10 ya mwezi huo wa mwisho. Mwezi unaofuata mwondoe kote kuwili, na umpe P9 ya miezi aliyofanya kazi siku anapochukua malipo yake ya mwisho, maana kumtafuta mwaka ukiisha ni vigumu. Mkumbushe pia kwamba kuanzia hapo mchango wa SHA ni jukumu lake mpaka apate mwajiri mwingine.